Sebule ya Kiviktoria yenye meko ya vigae: ya kiza au ya mwanga, vigae vya zamani au vipya?

Zile nyumba za matofali mekundu zilizoshikana mtaa mzima pale Leicester, Reading, Birmingham, London mashariki, ambazo wengi wetu tuliokuja Uingereza tumeishia kupanga au kununua humo, nyingi zilijengwa enzi za Malkia Victoria, yani 1837 mpaka 1901, na ukiingia sebuleni kitu cha kwanza kukutana nacho ni ile fayapleisi, meko ya ukutani ya chuma cheusi yenye vigae vitano kushoto na vitano kulia. Kuna wanaoipenda na kuna wanaoiona takataka, wanaiziba na ubao halafu wanaweka tivii mbele yake. Mi naipenda na sifichi, na msimamo wangu nautoa mapema ili ujue nalinganisha kutokea wapi: kwenye sebule ya namna hii vigae vya meko ndo vinachaguliwa kwanza, mengine yote yanafuata. Rangi za ukuta zipo maelfu na dukani wanakuchanganyia yoyote unayotaka, makochi mapya yanatoka kila siku, lakini seti ya vigae kumi inayokukaa moyoni huipati kila siku. Anayepaka ukuta kwanza halafu ndo aanze kusaka vigae vya kuendana nao anajipa kazi mara mbili.

Kabla ya kuchagua, jua nyumba ni ya miaka gani

Hili watu wanalipita haraka na ndo linaloharibu. Enzi ya Victoria ni zaidi ya miaka 63, na fasheni ilibadilika humo ndani mara nyingi tu. Meko za miaka ya 1850 na 1860 kawaida zina tao la chuma kwa mbele na fremu ya mawe, marumaru halisi kwa wenye nazo, slate (lile jiwe jeusi la mabamba) iliyopakwa ifanane na marumaru kwa watu wa kati, na pembeni hazina vigae kabisa. Zile za vigae zilishika sana kuanzia miaka ya 1870. Chuma chake kina mashavu mawili yaliyokaa mshazari, yamefunguka kwa mbele yanabana kwa nyuma, na kwenye kila shavu vinashuka vigae vitano vya inchi 6 kwa 6. Ule mshazari sio urembo tu, unarudisha joto chumbani, na uso wa kigae unaong'aa unarudisha mwanga wa moto na masizi yakitua unafuta na kitambaa yanatoka. Kuelekea 1900 ndo vikaja vile vya maua yenye mashina marefu yanayojipinda, mistari yake imeinuka ukipitisha kidole unaisikia.

Kwahiyo kama nyumba yako ni ya 1858 na bado ina tao lake, usiling'oe kisa umeona meko ya vigae kwa jirani ukaitamani, lile tao ni zuri na ndo la pale. Lakini kama nyumba ni ya 1885 na meko iling'olewa miaka ya 1960 au 1970 wakati watu wanaweka hita, basi ya vigae ndo hasa inayofaa kurudi. Kama huna uhakika na umri wa chuma chenyewe, kikitolewa ukutani angalia mgongoni: miundo iliyosajiliwa kati ya 1842 na 1883 huwa inaweza kuwa na alama ya almasi, kuanzia 1884 wakahamia kwenye namba inayotanguliwa na herufi Rd.

Ya nyumba yenyewe, ya yadi, au mpya kabisa

Ya nyumba yenyewe kama ipo haina mpinzani, hata ikiwa imepakwa rangi nyeupe tabaka sita na imezibwa na ubao. Inaenea ukubwa wa ukuta, inaendana na mapambo ya plasta ya darini, na hununui. Ila ina mambo yake. Ule ubao wa kuzibia kama ni wa zamani unaweza kuwa na asbesto, usiuvunje kwa nyundo kabla haujapimwa. Rangi za zamani nazo mara nyingi zina madini ya risasi, kwahiyo usipige msasa mkavu ukajaza vumbi nyumba nzima na watoto wamo, tumia dawa ya kuondolea rangi, vaa glavu, fungua madirisha. Chuma kikishatoka safi unakipaka ile polishi nyeusi ya majiko kwa brashi, unasugua, kinang'aa kwa utulivu, na maua yaliyosubiwa kwenye chuma ambayo hukujua hata kama yapo yanaanza kuonekana moja moja.

Kinachowakatisha watu tamaa ni kigae kilichovunjika. Wanaona kimoja kimepasuka wanasema meko yote imekufa, wanaitoa. Jamani si hivyo, ila kazi yake inabidi uijue. Hivi vigae havijabandikwa kwa mbele kama vya bafuni, vinaingia kwa nyuma ya fremu, vinashikwa na vyuma vidogo vyenye skrubu, halafu mgongoni pamemwagwa plasta. Ukijaribu kukichomoa kwa mbele kwa bisibisi utavunja na jirani yake. Meko inatolewa ukutani, watu wawili sio mmoja maana ni mzito hasa ule mzigo, inalazwa kifudifudi juu ya blanketi, skrubu zinamwagiwa mafuta zilale usiku kucha maana zimeshikana kwa kutu, plasta inabanduliwa taratibu na patasi, kigae kinatoka chenyewe. Na hapa kipo kitu kimoja cha kupima kabla ya kununua cha kuziba pengo: kigae cha inchi 6 ni milimita 152, vya siku hizi vingi ni 150. Hizo milimita 2 ukizizidisha kwa vigae vitano unapata mwanya wa sentimita nzima juu ya shavu, na hapo fremu haivishiki tena.

Ya yadi, yani zile yadi zinazouza vitu vilivyotolewa kwenye nyumba za zamani, au za eBay na Marketplace, hii faida yake ni kwamba unapata kitu cha kweli hata kama nyumba yako ilishanyang'anywa yake. Hasara ni vipimo na viungo vilivyopotea. Nenda na kipimo cha upana wa ukuta wa dohani (bomba la moshi) na cha tundu lenyewe, upana, kimo, kina, vyote. Gonga chuma kwa kidole cha kati: kizima kinalia, chenye ufa kinatoa sauti iliyokufa. Angalia kama vipo vile vyuma vya mbele vya kuzuia makaa, wavu wa chini, kifuniko cha majivu na kile kibati cha kufungia dohani, maana ukivikosa kuvitafuta kimoja kimoja ni safari ndefu. Muulize muuzaji vigae vimekuja na chuma hicho au kavichomeka yeye. Kama vipo wazi kwa nyuma soma muhuri wake, utakuta majina ya viwanda kama Minton Hollins, Maw & Co, Craven Dunnill. Na uliza meko imetoka nyumba gani. Meko za zamani zinaibwa kwenye nyumba zilizo tupu, muuzaji asiyetaka kusema ilikotoka mwache na mali yake.

Mpya, yani chuma kilichosubiwa leo kwa muundo wa zamani. Kila kitu kinaenea, ipo na maelekezo ya fundi, unachagua vigae mwenyewe, haina ufa. Udhaifu wake uko kwenye undani: nyingi zimenakiliwa kutoka kwenye chuma cha zamani na kila ukinakili kingo zinalainika, majani yanakuwa kama yamelowa, na vigae vya bei rahisi ni picha tu iliyogandishwa juu, ukikaribia unaona vidoti. Ila sio vyote viko hivyo. Pale Jackfield, Shropshire, kwenye kiwanda kilekile cha Craven Dunnill, bado wanatengeneza vigae kwa njia za zamani, na hapohapo kuna makumbusho ya vigae. Kama uko ndani ya masaa mawili ya kuendesha nenda kabla hujatoa hela popote, kwa sababu ukishaona kigae chenye ubora kwa macho yako mwenyewe huwezi tena kudanganywa na picha ya simu.

Ukiniuliza mimi: kama ya nyumba ipo, tengeneza hiyo. Kama haipo na bajeti hairuhusu meko kamili ya zamani, nunua chuma kipya halafu tafuta vigae vya zamani vya kuweka humo, sio kinyume chake, kwa sababu jicho linaenda kwenye kigae, chuma kiko pale kukibeba tu. Vyuma vipya vingi bado vinatengenezwa kupokea inchi 6. Na usihangaike sana kutafuta kumi vinavyofanana, vinne vyenye michoro na sita vya rangi moja vikipangwa kwa kupishana vinapendeza na hata watu wa enzi hizo wenyewe walipanga hivyo.

Vigae vya aina gani

Hapa ndo penye raha na ndo penye maamuzi, maana kila aina inadai chumba chake.

Kuna vya michoro iliyochapwa, rangi ya kahawia juu ya maziwa au bluu juu ya nyeupe. Ndege, matete, maua ya Kijapani, na visa pia, kwa mfano mchoraji John Moyr Smith alichorea kiwanda cha Minton seti nzima ya matukio ya tamthilia za Shakespeare miaka ya 1870. Ukikaa karibu ni vizuri mno, unaweza kuvisoma kimoja baada ya kingine. Ukikaa mbali, kwenye kochi la upande wa pili, vinaonekana kama kijivu kijivu tu, na ukiweka ukuta wenye fujo karibu navyo vinapotea kabisa.

Halafu kuna majolika, na hivi ndo ugonjwa wangu. Kigae kina mchoro ulioinuka, jani au ua au nyota, kisha kimemiminiwa glezi, ule mpako wa kioo unaong'aa, nzito na ya rangi inayopitisha mwanga, kijani, asali, maruni, feruzi. Ile glezi ikiwa bado maji ilikimbilia mabondeni na kukaa nene, kwenye vilima ikabaki nyembamba, kwahiyo kigae kimoja chenye rangi moja kina vivuli kumi na hakuna kilichopakwa kwa brashi. Minton ndo waliozionyesha glezi za namna hii kwenye yale Maonyesho Makubwa ya Hyde Park mwaka 1851 na zikashika Uingereza nzima. Mchana kigae cha kijani cha majolika kimekaa kimya, unaweza ukasema ni cheusi. Jioni washa taa ya mezani upande mmoja, ukae chini kwenye zulia, uone mabonde yanavyobaki na giza na kingo za majani zinavyokuwa na mstari mwembamba wa dhahabu. Hakuna rangi ya ukutani inayoweza kufanya hivyo. Nyufa ndogo ndogo kama nywele kwenye glezi ni za uzee, zisikutishe, ila usivisafishe na asidi wala steelwire, maji ya uvuguvugu na sabuni laini yanatosha.

Cha tatu ni vile vya mtindo wa William De Morgan, aliyefungua kiwanda chake cha vigae Chelsea, London, mwaka 1872, samaki, tausi, meli, na bluu na kijani alizozichota kwenye vigae vya Uturuki, Uajemi na Shamu. Halisi zake bei ni za makumbusho, wengi tutaishia kwenye vilivyoigwa. Lakini kwa mtu wa pwani aliyezoea misikiti na nakshi hizi atajikuta nyumbani haraka, na nakushauri ukaone Leighton House pale Kensington, kuna ukumbi wa Kiarabu uliojazwa vigae vya Damascus na De Morgan ndo aliyeshughulika kuvipanga na kuziba mapengo kwa alivyotengeneza yeye. Ukitoka pale utajua kama bluu hiyo unaiweza sebuleni kwako au la, maana inatawala kila kitu, hata zulia linabidi liombe ruhusa.

Vile vya sakafuni vyenye michoro ya jiometri na nakshi ya udongo wa rangi mbili usiviweke kwenye mashavu. Hivyo mchoro wake sio wa juu, ni udongo mwingine uliojazwa ndani, Samuel Wright alipewa hataza yake 1830 na Herbert Minton akaviendeleza mpaka vikatandikwa Bunge la Westminster na Capitol ya Washington. Vinavumilia miguu, ila havina mng'ao, kwenye shavu la meko vinakaa vimenuna. Viweke chini, mbele ya meko, hapo ndo pake. Na hiyo sakafu ya mbele, iwe ya vigae au slate nyeusi, kama utawasha moto wa kweli kanuni za ujenzi za England zinataka itokeze angalau milimita 500 mbele na 150 kila upande wa tundu. Nimeona zulia zuri la manyoya limewekwa mpaka kwenye mdomo wa moto, hilo ni janga linasubiri siku.

Sebule ya kiza na sebule ya mwanga

Kiza kwanza. Kuta za kijani kilichoiva, bluu ya usiku, maruni au kahawia, ukuta umegawanywa mara tatu kama walivyopenda miaka ya 1870 na 1880, chini mpaka kiunoni kitu kigumu, katikati karatasi yenye maua, juu mkanda mwembamba karibu na dari. Kwa chini walitumia Lincrusta, karatasi nzito ya ukutani yenye nakshi zilizoinuka, iliyovumbuliwa na Frederick Walton 1877, baadaye Anaglypta ya 1887 iliyokuwa nyepesi na ya bei nafuu, zote bado zinauzwa. Walikuwa na sababu ya kupenda rangi nzito, walichoma makaa ya mawe kutwa na taa zilikuwa za gesi na mafuta, masizi kila mahali, ukuta mweupe usingemaliza msimu. Sisi hatuna masizi hayo lakini faida nyingine ipo: chumba ambacho dirisha lake linaangalia kaskazini hakipati jua, ukikipaka nyeupe kinakuwa kijivu cha hospitali, ukikipaka kijani kizito kinakubali hali yake na kinakuwa na joto. Hasara zake ni taa na hela. Taa moja ya darini haitoshi kabisa, unahitaji nne tano zilizotawanyika na balbu za njano, zilizoandikwa 2700K kwenye boksi, na rangi nzito inataka mikono mingi na inaonyesha kila mkwaruzo wa toroli la mtoto. Na karatasi nzuri za ukutani, kama Willow Bough ya William Morris ya 1887, ni bei. Ukitaka kuona kiza kilichofanywa sawasawa nenda 18 Stafford Terrace, Kensington hukohuko, nyumba ya mchora katuni Linley Sambourne aliyehamia hapo miaka ya 1870, imebaki na vitu vyake, kuta zimejaa picha mpaka karatasi haionekani. Watu wanatoka pale wawili wawili, mmoja anataka kuhamia, mwingine anatafuta hewa. Jua wewe ni yupi kabla hujanunua rangi.

Kumbuka pia kama unabandua karatasi za zamani sana na ukikuta chini kabisa ya kijani, usiikwangue kavu, kijani cha enzi zile kilikuwa kikitengenezwa kwa aseniki.

Sebule ya mwanga ni kinyume: kuta rangi ya maziwa, ya kitani, kijivu chenye joto, mapambo yote ya plasta yameachwa yajionyeshe, lile ua la katikati ya dari, ubao wa kutundikia picha, na rangi pekee yenye nguvu chumbani ni vigae. Hii ni rahisi kuishi nayo, inafaa chumba kidogo chenye watu wengi, watoto wanafanya homuweki, wageni wa mchana, na kama dirisha la kutokeza linaangalia kusini utafurahi mwaka mzima. Gharama yake ndogo. Shida yake ni kwamba meko yenye chuma cheusi juu ya nyeupe kali inaonekana kama tundu, kwahiyo usichukue ile nyeupe ya makopo ya bei chee, chukua yenye tone la njano au la udongo. Halafu chukua rangi moja kutoka kwenye kigae, moja tu, uirudie sehemu mbili tatu, mto wa kochi, pindo la pazia, zulia. Ukirudia zote chumba kinakuwa duka.

Sasa uchague ipi? Rudi kwenye vigae. Majolika inataka kiza, kwenye chumba cheupe inaonekana nzito na imepotea njia. Michoro ya kuchapwa inataka mwanga na ukuta mtulivu. De Morgan na ndugu zake wanaweza kukaa kote ila kwenye kiza uwape bluu au kijani, sio maruni. Na nyumba nyingi hizi vyumba viwili vya chini vilishaunganishwa kuwa kimoja kirefu chenye meko mbili, hapo una bahati, cha mbele kifanye cha jioni na kiza chake, cha nyuma kinachoangalia bustani kiwe cha mwanga, ilimradi ubao wa sakafu na rangi ya dari viwe vilevile toka mbele mpaka nyuma.

Fremu ya mbao ya kuzunguka meko kama ni ya msonobari, ipake rangi. Ule msonobari uliokwanguliwa ukaachwa uchi ni fasheni ya miaka ya 1970, wenyewe walikuwa wanaupaka, mara nyingi kuigiza mbao ya bei au marumaru.

Ndani yake uwashe nini

Moto wa kuni au makaa ni mzuri wa kuangalia, hakuna wa kubisha, ila sehemu kubwa ya joto inapanda juu na kuondoka. Toka Sheria ya Hewa Safi ya 1956, iliyokuja baada ya ule ukungu wa moshi ulioua maelfu ya watu London Desemba 1952, miji mingi iko kwenye maeneo ya kudhibiti moshi, na kwenye meko iliyo wazi hapo huchomi kuni, unachoma fueli isiyo na moshi iliyoidhinishwa. England moshi ukitoka kwenye dohani yako kaunsili inaweza kukupiga faini mpaka paundi 300, na kununua fueli isiyoruhusiwa kwa jiko ambalo halijaidhinishwa kuitumia mpaka paundi 1,000. Dohani isafishwe angalau mara moja kwa mwaka, na alamu ya kaboni monoksaidi ni lazima, hii gesi haina harufu na inaua watu wakiwa wamelala.

Stovu ya chuma yenye mlango wa kioo inatoa joto mara nyingi zaidi kwa kuni zilezile, na zilizoidhinishwa unaweza kuzitumia mjini. Lakini sikiliza vizuri hapa kwa sababu wauzaji hawalisemi: ili stovu iingie, mara nyingi ile meko ya chuma yote inatolewa ili kupata tundu pana, maana yake mashavu na vigae vinaondoka. Huu ni uchaguzi wa kweli, joto au vigae. Kama baridi ndo tatizo lako kubwa na bili zinakuumiza, sitakulaumu, ila basi uza meko kwa mtu atakayeitumia, usiitupe kwenye skipu.

Gesi yenye makaa ya bandia inakaa vizuri ndani ya meko ya vigae na inawaka kwa kitufe, ila afunge fundi aliyesajiliwa Gas Safe, yani orodha rasmi ya mafundi wa gesi, na dohani ipimwe. Umeme, kikapu chenye makaa ya taa, ndo rahisi kuliko vyote, unachomeka tu, na kwa mtu wa nyumba ya kupanga hiyo inatosha. Na kutowasha kitu chochote ni chaguo halali kabisa: mishumaa minene mitatu kwenye wavu, au magogo makavu ya mti mweupe yaliyopangwa. Meko isiyowashwa usiizibe moja kwa moja, dohani isipopumua unyevu unakaa humo na plasta ya ukuta inaanza kutoa madoa. Weka kizibo kinachopitisha hewa kidogo na kofia juu ya dohani kuzuia mvua.

Juu ya meko: kioo au tivii

Tivii juu ya meko naikataa. Shingo inauma, na kama moto unawaka joto linapanda kwenye skrini, na zaidi ya yote jicho linaacha vigae linaenda kwenye kioo cheusi. Pembeni ya ukuta wa dohani kuna nafasi mbili zilizoingia ndani, weka tivii moja ya hizo kwenye kabati la chini, nyingine shelfu za vitabu. Juu ya meko wenyewe waliweka kioo kikubwa, cha fremu ya dhahabu kwanza, baadaye miaka ya 1880 cha mbao chenye vishelfu vidogo vya kuwekea vyombo vya Kichina na Kijapani. Kwa aliyekulia nyumba yenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kule Lamu, kupanga sahani na bakuli za kauri ukutani sio jambo la kufundishwa. Kwenye sebule ya kiza pakia, mpaka pajae. Kwenye ya mwanga vitu vitatu vinatosha. Kile kitambaa chenye nyuzi nyuzi walichokuwa wananing'iniza ukingoni mwa shelfu kipo kwenye picha nyingi za zamani, kama unawasha moto usikiweke.

Kwa wanaopanga

Hapa chaguo ni dogo lakini lipo. Huruhusiwi kung'oa wala kupaka bila ruhusa ya mwenye nyumba, na kama nyumba imeorodheshwa kihistoria hata mwenyewe anahitaji kibali cha kaunsili kuigusa meko. Unachoweza: safisha vigae kwa maji na sabuni, utashangaa rangi zilizokuwa chini ya vumbi la miaka. Omba ruhusa ya kupaka chuma polishi nyeusi, wengi wanakubali maana unaongeza thamani ya nyumba yao. Kama ukuta ni mweupe wa kupangisha, usishindane nao, chukua njia ya sebule ya mwanga, zulia moja zito lenye rangi ya kigae, kioo kilichoegemezwa juu ya shelfu bila msumari, taa mbili za mezani zenye balbu za njano zilizowekwa chini usawa wa vigae, na kikapu cha umeme ndani ya wavu kama soketi iko karibu. Kigae kilichovunjika mwandikie mwenye nyumba kwa barua pepe na picha siku ileile unapohamia, kisije kikakatwa kwenye dipoziti yako.